Minara tunayo, simu ndizo hatuna

Kila serikali inayoingia hapa Kenya hutuahidi nyaya. Hii ya sasa iliahidi kilomita 100,000 za mkongo wa intaneti na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure. Sipingi. Kabla ya mkongo wa chini ya bahari wa TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, na ukiwa saiba, duka la kulipia intaneti, dakika ulizolipia ziliisha kabla ukurasa haujafunguka. Lakini leo, kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, mtandao wa 4G unawafikia zaidi ya Wakenya 9 katika kila 10. Ziko sehemu za Turkana na Wajir ambazo bado zinahitaji mnara, na zijengewe. Kwingineko, asiyeingia mtandaoni mara nyingi anauona mnara akiwa mlangoni kwake. Anachokosa ni simu janja, au hela ya bando.

Na hapo ndipo serikali inapobomoa ilichojenga. Mwaka 2009 iliondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye simu za mkononi. Bei zilishuka na mauzo yakapanda zaidi ya maradufu. M-Pesa, iliyokuwa na miaka miwili tu, ikapata watumiaji hadi vijijini. Mwaka 2013 kodi hiyo ikarudishwa. Mwaka 2022 simu zinazotoka nje zikaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Bando nalo halikusazwa: ushuru ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023, na Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuurudisha 20, kabla vijana hawajaingia barabarani na muswada wote ukaondolewa.

Wakati huohuo, huduma za serikali zimehamishiwa kwa maelfu kwenye tovuti yake ya eCitizen. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni ya udereva, vyote huko. Mwenye kabambe, simu ya vitufe isiyo janja, afanye nini?

Anaenda saiba. Nilikaa katika moja huku Kilifi msimu wa maombi ya vyuo. Mama mmoja alikuwa amekuja na bintiye aliyemaliza kidato cha nne. Ada ya maombi walikuwa nayo, na juu yake wamlipe kijana wa saiba. Namba ya siri ya kuthibitisha ilipotumwa, iliingia kwenye kabambe ya mama. "Mama, nipe simu nikuangalizie hiyo namba," kijana akasema, akaisoma, akaiandika, kisha akalinakili neno la siri la binti kwenye daftari lake la kurasa 200. Daftari lilikuwa limejaa majina na maneno ya siri ya watu wa pale kijijini. Kijana hana ubaya, anawasaidia wasisahau. Lakini hiyo ndiyo serikali ya kidijitali wanayoijua hao watu: stakabadhi zao zote ziko mkononi mwa mtu wasiyeweza kumkagua. Linaniuma hilo kuliko hata bei.

Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilichozinduliwa Oktoba 2023 kilitoa simu janja ya shilingi 7,499, na nilifurahi. Ila kwa mama anayeuza mboga hiyo ni pesa ya karo. Akichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, akimaliza atakuwa amelipa zaidi ya bei ya dukani, na siku akikosa kulipa simu inafungwa.

Kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Kazi yake kubwa imekuwa minara na kuunganisha shule. Ningependa sehemu ya pesa hizo ipunguze bei ya simu kwa kaya maskini, wanawake wakitangulizwa, kwa sababu simu janja ikiwa moja nyumbani huwa ya baba. Na VAT iondolewe kwenye kila simu janja isiyozidi shilingi 10,000. Najua Hazina itauliza pengo litazibwa na nini. Iangalie miaka ya 2009 hadi 2013: kila aliyenunua simu alianza kununua muda wa maongezi, na huo ulikuwa unatozwa kodi kila siku.

Kamati ya Fedha ya Bunge hupokea maoni ya wananchi kabla ya bajeti ya Juni. Yangu ni haya, na nitayapeleka kwa maandishi.