Jarida la Klabu Yetu Lisiache Kuchapwa

Kila baada ya miezi miwili bahasha ya kahawia hudondoka mlangoni kwangu, na siku hiyo chai hupoa kikombeni. Ndani mna jarida la klabu yetu, sisi wenye vigari vidogo vya zamani, la kurasa 32, ukubwa wa daftari la shule, limebanwa kwa pini mbili. Jalada huwa na picha ya kigari cha miaka ya hamsini kimeegeshwa kwenye nyasi, lakini mimi sianzii kwenye jalada. Naanzia nyuma, kwenye matangazo madogo ya spea za vigari hivyo: mmoja anatafuta kioo cha taa ya nyuma ya Heinkel, mwingine anauza kabureta ya Goggomobil iliyokwisha kusafishwa, wa tatu anatoa bure kiti cha Messerschmitt kilichochanika kitambaa lakini fremu yake nzima.

Toleo la mwisho lilikuja na karatasi ya ziada. Kamati inatuuliza wanachama kama tunakubali jarida liache kuchapwa, tuwe tunatumiwa taarifa fupi kwa barua pepe, na mengine tuyafuate kwenye kundi la mtandaoni. Sababu ni gharama ya posta na ya mpiga chapa. Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Nimeweka alama kwenye hapana, na kwa kuwa nafasi ya maoni ilikuwa mistari mitatu tu, yaliyobaki nayaandika hapa, kwa lugha ninayofikiria.

Nimekulia Tanga, kwenye gereji ya mjomba wangu iliyokuwa chini ya mwembe. Alikuwa fundi wa Vespa na pikipiki, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuosha plagi kwa petroli na brashi ya waya hadi chuma kionekane. Leo nafanya kazi kwenye karakana ya mabasi kusini mwa Uingereza. Mtaani kwetu aliishi mzee mmoja mwenye Isetta, kigari cha miaka ya hamsini. Siku ya kwanza alipoifungua mbele yangu, uso mzima wa gari ulifunguka kama kabati, usukani nao ukaufuata mlango ili upate nafasi ya kuingia. Nikapiga picha, nikaituma nyumbani, jioni nikapiga simu.

"Shikamoo, Mjomba. Umeipata picha?"

"Marahaba, mjomba. Nimeipata. Sasa hiyo ni friji au gari?"

Hakuwa mbali na ukweli. Kampuni ya Iso ya Bresso, karibu na Milan, ilitengeneza mafriji kabla ya kugeukia skuta, na mwaka 1953 ikatoa Isetta, maana yake Iso ndogo. BMW wakachukua leseni, wakaweka injini ya pikipiki yao yenye silinda moja, cc 247, nguvu za farasi 12, na kuanzia 1955 hadi 1962 wakauza 161,728. Nilipomwambia Mjomba kwamba injini ni ya pikipiki akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo unaiweza." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Vigari hivi ni watoto wa dhiki. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watu wengi Ulaya walitaka chombo chenye paa la kuwakinga na mvua, lakini pesa ya gari kamili hawakuwa nayo. Ujerumani, mhandisi Fritz Fend alianza mwaka 1948 na chombo cha magurudumu matatu cha kuwasaidia majeruhi wa vita waliopoteza miguu. Chombo kikakua, kikaingia kiwanda cha Messerschmitt huko Regensburg, kampuni iliyokuwa imekatazwa kutengeneza ndege, na mwaka 1953 kikatoka kama KR175, kisha 1955 kama KR200. Watu wawili wanakaa mmoja nyuma ya mwenzake chini ya kuba la plastiki angavu. Injini yake ya Sachs, cc 191, ni ya mapigo mawili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, na ukitaka kurudi nyuma unaizima, halafu unaiwasha upya ikizunguka kinyume. Gia nne za kwenda mbele zinageuka gia nne za kurudi nyuma. Niliposoma habari hiyo kwenye jarida kwa mara ya kwanza niliirudia aya nzima mara tatu.

Uingereza mlango ulifunguka na Suez. Nasser, rais wa Misri, alipotaifisha Mfereji wa Suez Julai 1956 na vita vikafuata, petroli ikapungua, na kuanzia Desemba ile hadi Mei 1957 Waingereza walikuwa wakinunua mafuta kwa mgao. Gari linalokunywa kidogo likawa la thamani ghafla. Mwaka 1957 Isetta ikaanza kuundwa Brighton, katika karakana ya zamani ya vichwa vya treni isiyokuwa na barabara ya maana ya kuingilia. Vipuri vililetwa kwa reli, na magari yaliyokamilika yakaondoka kwa reli. Nyingi za Brighton zina gurudumu moja nyuma badala ya mawili, kwa sababu chombo cha magurudumu matatu kilitozwa kodi ndogo, na kama hakina gia ya kurudi nyuma mtu aliruhusiwa kukiendesha kwa leseni ya pikipiki. Halafu mwaka 1959 ikaja Mini, gari dogo lililobuniwa na Alec Issigonis, lenye nafasi ya watu wanne, na biashara ya vigari ikaanza kukata pumzi. Isetta ya BMW iliisha 1962, KR200 ikaisha 1964. Zündapp Janus, ile ambayo abiria wa nyuma wanampa dereva mgongo, ilikuwa imeshakufa tangu 1958 baada ya kuundwa 6,902 tu.

Kiwanda kikifunga, gari linakuwa yatima. Hakuna wakala wala duka la spea, na fundi aliyefunzwa kiwandani keshazeeka au keshazikwa. Kinachobaki ni wenye magari wenyewe na yale wanayoambiana. Ndiyo maana nasema jarida la klabu ni spea, na lina haki ya kuwekwa kwenye rafu moja na gasketi na waya za breki.

Turudi kwa jirani yangu. Alipohamia kwa binti yake, Isetta iliuzwa. Mnunuzi alikuja na trela, akaipandisha, akaifunga kamba vizuri, akaondoka. Kando ya pipa la taka kukabaki maboksi mawili ya majarida, matoleo ya zaidi ya miaka thelathini, kwa sababu mnunuzi alisema hana pa kuyaweka. Niliomba, nikapewa. Nilikuwa na maboksi yale miaka miwili kabla sijapata gari langu mwenyewe.

Baada ya miezi minane hivi yule mnunuzi alinitafuta kupitia kwa binti wa mzee. Gari lilikuwa linalalia upande wa kulia, na kwenye kona za kushoto lilimtia hofu. Maswali mawili matatu yakatosha. Alipokuwa akilisafisha alikuta kipande kizito cha chuma upande wa kushoto, akadhani ni takataka ya mwenye gari wa zamani, akakitoa na kukiuza kwa chuma chakavu. Kumbe Brighton walipohamishia usukani kulia, dereva na injini vikaangukia upande mmoja, ndipo kiwanda kikaongeza uzito wa chuma kushoto ili gari likae sawa. Maelezo hayo yalikuwa kwenye moja ya majarida aliyoyaacha kando ya pipa. Nilimpigia picha ukurasa, nikamtumia siku hiyo hiyo.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa mipira ya shafti. Kutoka kwenye giaboksi ya Isetta kuna shafti fupi inayopeleka nguvu hadi kwenye boksi la cheni inayozungusha nyuma ya gari, na kwenye shafti hiyo kuna viungo vya mpira mnene wa duara vinavyomeza mshtuko unapoachia klachi. Mpira ukichoka unapasuka kuanzia kwenye matundu ya boliti, nyufa nyembamba kama za kisigino kilichokauka, na gari linaanza kugonga kila unapoondoka. Mwandishi wa ukurasa huo, mfanyakazi mstaafu wa posta kwa maelezo yake mwenyewe, ameeleza hatua kwa hatua na kuchora kwa mkono, na mchoro wake ni bora kuliko picha kwa sababu ameacha kila kisichohitajika. Na pembeni, kwa penseli, jirani yangu ameongeza: "Nimebadili. Maili 41,200. Mpira mpya ni mgumu kuliko wa asili. Kaza tena baada ya maili 100." Nilipobadili ya kwangu nilikaza tena baada ya maili 100, na boliti mbili kweli zilikuwa zimelegea. Skrini haina pembeni ya kuandikia kwa penseli.

Sipingi mtandao. Nimepata tairi kupitia kundi letu, na mara moja mwenzetu wa Uholanzi aliniokoa usiku wa manane na mpangilio wa nyaya za stata. Lakini swali likiulizwa pale linapata majibu ishirini, nusu yake mzaha, na kufikia Jumapili limezama. Kuna mwanachama aliyewahi kuweka michoro kamili ya boksi la cheni, kazi ya majira ya baridi mazima. Alipofariki, akaunti yake ikafungwa na michoro ikaondoka nayo. Laiti ingechapwa, leo ingekuwa kwenye rafu za watu mia kadhaa.

Halafu kuna mhariri. Kamati inahesabu bei ya karatasi, lakini kazi ya mhariri haimo kwenye hesabu yao. Kwetu mhariri ni mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati, na hachapi kipimo chochote mpaka mtu wa pili akithibitishe kwenye gari lingine. Ukimwandikia kwamba platini, ile inayokata umeme wa cheche za plagi, iachwe nafasi ya milimita 0.4, atakuuliza umepima na nini. Mtandaoni hakuna anayeuliza hivyo. Taarifa fupi ya barua pepe haitamhitaji mtu wa namna yake, na akiondoka yeye, hata hizo kurasa za mtandaoni zitajaa vipimo vya kubahatisha.

Kama kuna pesa ya kuokoa, mimi najua kurasa za kupunguza. Siku hizi jarida linatumia hadi kurasa sita kwa habari za minada. Chukua Peel P50, kigari cha Kisiwa cha Man, iliyoundwa kati ya 1962 na 1965: urefu sentimita 137, injini ya cc 49, mlango mmoja, taa moja mbele, haina gia ya nyuma, ila ina mpini wa kuinyanyulia na kuigeuza kwa mkono. Ilikuwa ikiuzwa pauni 199. Mwaka 2013, mkusanyiko wa vigari wa Bruce Weiner wa Georgia, Marekani, ulipopigwa mnada, moja ilivuka dola 100,000. Habari hiyo inatosha mistari minne. Inapopewa kurasa mbili na picha za rangi, wanachama wanaanza kuangalia gereji zao kwa jicho la dalali, na kijana anayetaka kuanza na gari bovu anaambiwa bei ambayo hatakaa aiweze. Afadhali kurasa hizo zirudi kwa mafundi. Wapo wanaoonyesha njia: Rumcar News la hapa Uingereza limejikita kwenye vigari adimu, na Wamarekani wana Minutia yao. Kutoka kwa hao nimejifunza majina ya magari ambayo nisingeyakuta popote.

Huwa nikisoma jarida namfikiria Mjomba. Yale aliyoyajua kuhusu Vespa hayakuandikwa mahali. Piaggio hao hao wa Vespa walitoa Ape ya magurudumu matatu mwaka 1948, na Bajaj ya India ikaanza kwa leseni yao. Bajaji zinazojaa Tanga leo ni ukoo mmoja na vigari ninavyovitengeneza huku. Kila kijiwe kina fundi anayejua kwa nini toleo fulani linakula klachi na lingine halili, na namna ya kulirekebisha kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe. Natamani angekuwepo mtu mmoja mwenye daftari na mashine ya kuchapia, akawa anakusanya hayo kila miezi miwili na kuuza nakala kwa bei ya soda. Nimemwambia binamu yangu aanze na ukurasa mmoja tu wa kukunja. Bado anafikiria.

Kura inafungwa mwisho wa mwezi. Pamoja na karatasi yangu nimeandika kwamba niko tayari ada ipande kwa pauni nane kwa mwaka, na nimejitolea kutia majarida kwenye bahasha kila toleo likitoka, nyumbani kwangu, mezani pa jikoni. Nimeambatisha pia makala yangu ya kwanza, nusu ukurasa kuhusu kubadili sili ya boksi la cheni bila kushusha injini. Juzi mhariri amenipigia. Anataka kujua kipenyo cha sili nimekipima kwa kifaa gani, na nani mwingine mwenye Isetta ya Brighton anaweza kukipima tena kabla ya Ijumaa.