Flannan walikuwa na chaki, Kibirizi tuna ndoo za dagaa

Huku Uskoti kuna biashara moja inanikera, biashara ya kuuza waliopotea. Pita pwani ya magharibi: hukosi kitabu cha walinzi wa mnara wa taa wa Flannan, hukosi boti ya kupeleka watalii kuzunguka kisiwa walikotowekea. Watu watatu, Desemba 1900. Zaidi ya miaka 120 imepita na kila mtoto anayajua majina yao: James Ducat, Thomas Marshall, Donald MacArthur. Mtu wa mwisho wa reli, Kigoma, unasimama mbele ya vitabu hivyo unabaki na swali la kishamba: waliokwenda na Ziwa Tanganyika mwaka juzi tu, majina yao yako wapi?

Kabla hujaniita mzungu mweusi, ngoja kwanza niseme hicho kinachouzwa ni nini.

Mnara uko kisiwa cha Eilean Mòr, kilomita kama 32 magharibi ya kisiwa cha Lewis. Usiku wa tarehe 15 Desemba 1900 meli iliyokuwa ikipita, Archtor, iliona taa haiwaki. Meli ya kubadilisha zamu, Hesperus, ilizuiwa na bahari chafu ikafika tarehe 26. Joseph Moore, mlinzi wa zamu mpya, akapanda peke yake: jiko baridi, vitanda vitupu, taa imesafishwa na kujazwa mafuta, koti moja la mvua limebaki. Watu hakuna.

Watalii huambiwa habari ya kiti kilichopinduka na chakula kilichoachwa mezani. Hiyo imetoka kwenye shairi la mwaka 1912. Jikoni palikuwa pasafi. Na siri yenyewe imeshaliwa karibu yote na makaratasi. Daftari lao lilijazwa mpaka tarehe 13. Habari za tarehe 14, na vipimo vya hewa vya saa 3 asubuhi ya tarehe 15, viliandikwa kwa chaki kwenye kibao vikisubiri kunakiliwa. Kwa hiyo msimamizi wao, Robert Muirhead, alipofika tarehe 29 hakuanza na mizimu, alianza na saa. Asubuhi ya tarehe 15 walikuwa hai na wanafanya kazi. Usiku wake taa haikuwaka. Akashuka gati la magharibi akakuta sanduku la kamba, lililowekwa mita 33 hivi juu ya maji, limevunjwa, vyuma vimepinda, jiwe la zaidi ya tani moja limehama. Akaandika kwamba walishuka mchana kuokoa vifaa, bahari ikawachukua. Lile koti lililobaki lilikuwa la MacArthur, maana yake alitoka bila kujiandaa. Alimkimbilia nani, hilo ndilo hatulijui. Siri iliyobaki Flannan ni ya dakika chache tu.

Sasa shuka Kibirizi, au Katonga, au Ujiji, kwetu Kigoma, jioni ya siku za giza, mitumbwi inapotoka kufuata dagaa. Nani anaandika? Vijana wanapanda kwa dei waka. Mmoja anaumwa, anaingia rafiki yake aliyekuja juzi kutoka Kasulu, anajulikana kwa jina la utani tu. Tajiri ana namba ya injini kwenye risiti, lakini muulize majina ya waliolala ziwani na mali yake usiku ule, atakutajia wawili. Asubuhi mtumbwi usiporudi, kila mtu ana jibu. Chunusi, jini wa majini, kawavuta. Majambazi wamechukua injini. Wamevukia Kongo na nyavu za watu. Yule mmoja alikuwa na deni la kikoba, kakimbia. Wengine watakutajia Gustave, mamba wa Burundi, kana kwamba mamba anakula na injini ya farasi 40. Marehemu hana kaburi, na jina lake nalo linachafuka.

Chunusi simkatalii mtu. Nasema tu kuna mambo ya kumaliza kwanza kabla ya kumfikia.

La kwanza ni injini. Zile za kuchanganya mafuta na oili zinataka kipimo, na kwa nyingi ni hamsini kwa moja: dumu la lita 20 la petroli linaingia mililita 400 za oili. Kijana akibana oili ili chenji ibaki, pistoni inakaba katikati ya ziwa. Akizidisha, plagi zinajaa masizi. Petroli ya kupimiwa kwenye chupa ikiwa na maji, injini inakohoa na kuzima, mara nyingi njia ya kurudi, maana maji yamekaa chini ya dumu. Na plagi ya akiba haipo.

La pili ni upepo. Kati ya Mei na Agosti, kusi ikishika, mtumbwi uliozimika mbele ya Kigoma unasukumwa kaskazini magharibi, yaani upande wa rasi ya Ubwari, Kongo. Sisi tunatafuta wapi? Tunapandisha na ufuko wetu, Mwamgongo mpaka Kagunga, kwa sababu ndiko tuna ndugu na ndiko simu zinashika. Tuseme mtumbwi unaelea kilomita 2 kwa saa. Ukizimika saa 4 usiku, saa 4 asubuhi uko kilomita 24 mbali. Hesabu ya darasa la tano, ila inadai saa ya kuondoka na uelekeo, na hivyo ndivyo havikuandikwa.

La tatu ni maiti, na hapa ndipo chunusi anapopatia kazi. Ziwa letu lina kina cha hadi mita 1,470 na ufuko wake mwingi unaporomoka ghafla. Mwili huibuka kwa sababu ya gesi inayovimba ndani yake. Ukishazama mbali sana chini, uzito wa maji unaibana gesi ile, mwili unabaki hukohuko. Basi kutoonekana kwa maiti hakuthibitishi uchawi wala utoro. Kunathibitisha kina.

Najua mtakachosema. "Wenzako wana helikopta." Wanazo, ndiyo. Wana vifaa vya kuita msaada kwa setilaiti, na tangu Novemba 2018 mvuvi wa Uingereza habaki sitahani bila jaketi la kuokolea, isipokuwa mwenye chombo athibitishe hakuna hatari ya kuangukia majini. Hayo tuyaache, bei zake tunazijua. Mwaka 1900 pale Flannan hapakuwa na redio wala helikopta. Palikuwa na chaki.

"Unajivuna, umesahau ulikotoka." Sijasahau. Mwaka 2006 London alikutwa mwanamke chumbani kwake, runinga bado inaongea, na alikuwa amefariki tangu mwishoni mwa 2003. Miaka miwili! Ujiji haiwezekani: siku ya pili tu jirani angeshagonga kuomba chumvi. Na mtumbwi ukikosekana, wavuvi wetu wanachanga petroli wanaingia ziwani kutafuta bila kusubiri amri wala posho. Hilo huku sijaliona, na mtu akiwadharau wale vijana mbele yangu tutagombana. Lakini wanaingia ziwani hawajui wanatafuta watu wanne au sita.

Na msiniambie ni ugonjwa wa Kigoma peke yake. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo.

Anayelipia zaidi ni mjane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamhesabu mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 5 na wale ambao wangetegemewa kumsikia. Uskoti ni 7, kwa hiyo kwenye karatasi sisi ni wepesi kuliko wao. Ila bila ushahidi kwamba mume alipanda mtumbwi ule usiku ule, mama anakaa miaka hiyo yote bila hati ya kifo, mirathi haifunguki, na shemeji tayari ameingia kwenye kiwanja.

"Nani atakaa mwaloni saa 11 jioni kuandika?" Yuleyule wa ushuru. Asubuhi anahesabu ndoo moja moja na mashine yake inatoa risiti. Hakuna ndoo ya dagaa inayopotea Kibirizi. Aje na kaunta buku jioni, au amwachie kijana wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo. Namba ya chombo. Majina matatu ya kila mtu, hata kama wote mnamwita Kidevu. Simu ya mtu wa nyumbani, si ya tajiri. Lita za petroli. Upande wanaoelekea. Saa ya kutoka. Na safu ya mwisho iwe ya saa ya kurudi, iachwe wazi mpaka mwenyewe asimame pale aijaze.