Ife na Modakeke: kiti cha halmashauri na kodi ya shamba

Kwa miaka mingi orodha ya serikali za mitaa za jimbo la Osun, kusini-magharibi mwa Nigeria, imesomwa hivi: halmashauri 30, pamoja na Ofisi ya Eneo ya Ife Mashariki iliyoko Modakeke. Kiraka hicho cha mwisho kinamshangaza asiyejua historia. Kwa nini mji mkubwa hivyo, ulioshikana na Ile-Ife kiasi kwamba mpita njia hajui ametoka upi na kuingia upi, upewe ofisi badala ya halmashauri kamili? Jibu ni kwamba ofisi ile ni suluhu ya vita. Na kama suluhu nyingi za vita, ilinyamazisha bunduki bila kujibu swali lililozifyatua.

Pande zote mbili ni Wayoruba. Lugha yao ni moja, wamo Waislamu na Wakristo huku na huku, na wameoana vizazi na vizazi. Ile-Ife ni mji ambao Wayoruba wote wanautaja kuwa chimbuko lao, kiti cha mfalme wake, Ooni, mrithi wa Oduduwa, babu wa Wayoruba wote. Wamodakeke ni wazao wa wakimbizi kutoka himaya ya Oyo, waliomiminika kusini katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 himaya hiyo ilipoporomoka kwa shinikizo la dola jirani ya Ilorin. Ife iliwapokea. Walilima mashamba ya wenyeji na kupigana upande wao, na katikati ya miaka ya 1840 Ooni Abeweila akawakatia eneo lao nje ya ukuta wa mji. Ndipo Modakeke ilipozaliwa.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Modakeke walipewa jembe, wakalishika. Ugomvi ni kama jembe hilo lilikuwa la kupewa au la kuazimwa, na kama la kuazimwa, litalipiwa mpaka lini.

Kila upande una kumbukumbu ya kuumizwa, na zote mbili ni za kweli. Hili husahaulika haraka na wanaoandika kana kwamba kuna mwenyeji mwema na mgeni mkorofi, au bwana dhalimu na mkulima mnyonge. Watu wa Ife wanakumbuka kwamba wageni waliowapokea waliwafukuza katika mji wao wenyewe mara mbili: mwaka 1849, wakarudi 1854, kisha tena katika miaka ya 1880, wakati vita vya Kiriji vikiwaka katika nchi nzima ya Wayoruba, na wasirejee hadi 1894. Modakeke nao wanakumbuka mkataba wa amani wa 1886, ambao Waingereza walikuwa wapatanishi wake na ambao ulitaka wahamishwe, na mwaka 1909 ambapo mji wao ulivunjwa kweli, watu wakatawanyika hadi Ode-Omu, Gbongan na kwingineko, wasiruhusiwe kurudi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwife akisikia neno "halmashauri ya Modakeke" anasikia 1849. Mmodakeke akiambiwa "ninyi ni mtaa tu wa Ife" anasikia 1909.

Kisha kakao ikaja. Zamani mpangaji alimpelekea mwenye ardhi isakole, yaani sehemu ndogo ya mavuno, viazi vikuu au mawese, ambayo ilikuwa heshima zaidi kuliko mapato. Mkakao si kiazi kikuu. Unasimama shambani miongo kadhaa, na mazao yake yanauzwa ng'ambo kwa fedha taslimu. Heshima ikageuka kodi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakulima wa Modakeke walianza kuikataa waziwazi, na uhusiano ukachafuka upya.

Kwenye sheria ya ardhi, naona Ife wana hoja nzito kuliko watetezi wa Modakeke wanavyopenda kukiri. Kwa mila za Kiyoruba kama zilivyotafsiriwa na mahakama za Nigeria, mpangaji wa kimila anaweza kukaa juu ya ardhi milele, yeye na wajukuu wake, mradi alipe isakole na amtambue mwenye ardhi. Akikana kwamba ardhi ni ya huyo mwenye ardhi, anaweza kuipoteza yote. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ilipotangazwa na serikali ya kijeshi mwaka 1978 na kuiweka ardhi ya kila jimbo chini ya gavana, wakulima wengi wa Modakeke waliona mlango umefunguka: ikiwa ardhi ni ya gavana, Mwife anadai isakole kwa haki gani? Ni hoja yenye akili. Lakini mwaka 1991, katika kesi ya Abioye dhidi ya Yakubu, ambayo haikuwahusu Ife wala Modakeke, Mahakama ya Juu ilisema sheria ile haikufuta uhusiano wa mwenye ardhi na mpangaji wa kimila. Kodi ikabaki.

Tazama, basi, mtego alimokaa mkulima wa Modakeke. Kusema "shamba hili ni letu, babu wa babu yangu alilifyeka" ni kusema jambo ambalo kila binadamu angelisema baada ya karne moja na nusu. Mbele ya sheria ya kimila, ni kauli inayoweza kumng'oa. Sheria inayomlinda kwa sharti kwamba asiseme kamwe kuwa amefika nyumbani ina kasoro, hata kama majaji waliisoma sawasawa. Hapa ndipo huruma yangu inapohamia upande wa pili.

Sasa halmashauri. Ili kuelewa kwa nini watu wanauana kwa ajili ya ofisi yenye kaunta na bendera, ni lazima kufuata fedha. Katika mgawo mkuu wa mapato ya shirikisho la Nigeria, serikali za mitaa hupata asilimia 20.60. Fungu hilo linapogawanywa kati yao, asilimia 40 hugawanywa sawa kwa sawa, bila kujali nani ana watu wengi au wachache. Maana yake, jamii ikikata halmashauri yake kutoka ya zamani, inapata mgawo mzima wa usawa ambao jana haukuwepo, na juu yake ajira za walimu, wauguzi na makarani, pamoja na zabuni. Abuja imeweka zawadi mezani kwa kila anayefanikiwa kujitenga na jirani yake, kisha inashangaa majirani wakitengana kwa mapanga.

Modakeke walitaka halmashauri yao tangu enzi za Oranmiyan, halmashauri iliyowaunganisha na Ife. Katika Jamhuri ya Pili (1979–1983), Ife ilikuwa ngome ya UPN, chama cha Gavana Bola Ige, na Modakeke wengi wakaegemea NPN iliyoshika serikali ya shirikisho. Dai la mji likavaa sare ya chama, na damu ikamwagika 1981 na tena 1983. Mwaka 1996 utawala wa Jenerali Abacha ulipounda halmashauri mpya nchini kote, Ife Mashariki ikazaliwa, na Modakeke wakaamini hatimaye zamu yao imefika. Makao makuu yakazungushwa, na mwisho yakatua Oke-Ogbo, upande wa Ife. Mwaka 1997 vita vikalipuka, vikapoa, vikawaka upya mwaka 2000, mpaka Rais Obasanjo akaunda kamati ya amani chini ya Olabode George. Ofisi ya Eneo ni tunda la kipindi hicho.

Hoja ya Ife dhidi ya halmashauri husemwa hivi: leo watapata ofisi, kesho watachora mpaka, keshokutwa mpaka huo utakuwa hati ya kumiliki. Si hofu ya kijinga. Nchini Nigeria kuwa "mwenyeji" wa halmashauri kunampa mtu nafasi za ajira, za masomo, na sauti katika mambo ya machifu, na anayekubaliwa kuwa mwenyeji huacha upesi kuitwa mpangaji. Viongozi wa Modakeke nao wameilisha hofu hiyo kila walipoyachanganya madai mawili katika pumzi moja, halmashauri na mwisho wa isakole, kana kwamba la kwanza likipatikana la pili limejifuta.

Lakini hayo mawili hayalingani hata kwenye ramani. Mashamba mengi yanayogombaniwa yako vijijini, mbali na mji wa Modakeke, ndani ya maeneo ya halmashauri nyingine za Ife. Halmashauri ya Modakeke ingesimamia mitaro, soko, zahanati na shule za msingi za watu wanaoishi mjini. Haingemwondolea deni mkulima aliye kilomita kadhaa kusini, wala haingempokonya Mwife mkakao mmoja. Serikali ya mitaa huhesabu watu waliopo, bila kuuliza nani alifika kwanza. Kwa hoja hiyo, na nimeipima kwa muda, naona Modakeke wanastahili halmashauri yao, na kuinyima kwa sababu ya ardhi ni kumwadhibu muuza nyanya wa mjini kwa kesi ya mkulima wa kijijini.

Je, wakiipata, amani itakuja? Hapa naomba mashabiki wa upande ninaouunga mkono watulie kidogo. Katika jimbo lilelile la Osun, Ilobu na Ifon ni miji jirani ya Wayoruba ambayo kila mmoja ni makao makuu ya halmashauri yake: Ilobu ya Irepodun, Ifon ya Orolu. Hakuna anayemnyima mwenzake kiti wala bajeti. Hata hivyo wameendelea kupigana kwa ajili ya mpaka wa ardhi, Erin-Osun nao wakiwamo, na mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya jimbo ililazimika kuweka amri ya kutotoka nje baada ya vifo na nyumba kuchomwa. Kama halmashauri ingekuwa dawa, Ilobu na Ifon wangekuwa wamepona zamani.

Muda nao si rafiki wa ofisi ile ya suluhu. Mwaka 2004, katika kesi iliyohusu jimbo la Lagos, Mahakama ya Juu iliamua kwamba halmashauri zinazoundwa na jimbo haziwi kamili mpaka Bunge la Taifa lipitishe sheria ya kuziingiza katika mfumo wa katiba. Julai 2024 mahakama hiyohiyo ikaamuru fedha za serikali za mitaa zilipwe kwao moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwa magavana. Wengi tulishangilia, na kwa haki. Lakini orodha ya katiba ina Ife Mashariki, haina Modakeke. Kadiri fedha zinavyowafikia moja kwa moja waliomo kwenye orodha, ndivyo aliye nje yake anavyobaki akitegemea hisani ya jirani. Walioridhika na Ofisi ya Eneo mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliridhika katika nchi ambamo gavana aliweza kumpoza kila mtu kutoka mfuko mmoja, na mfuko huo sasa amri ya mahakama inataka kuufunga.

Kuna mengi yaliyolainika. Ogunsua, mkuu wa Modakeke, amepandishwa hadhi kuwa oba, yaani mfalme, jambo ambalo zamani kulitamka tu kungeleta kesi. Ooni wa sasa, Adeyeye Ogunwusi, aliyeshika kiti mwaka 2015, amekuwa akizungumza lugha ya undugu. Lakini kanzu za heshima hazijaandika popote kiasi cha isakole, muda wake, wala namna mpangaji anavyoweza kuinunua ardhi akaacha kuwa mpangaji. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kugusa halmashauri: daftari la mashamba, kiwango kinachojulikana, na haki ya mkulima kujikomboa kwa bei iliyokubaliwa.

Sababu ya mpangilio huo iko katika kifungu cha 8 cha katiba. Halmashauri mpya inahitaji kura ya maoni, na ikubaliwe na theluthi mbili ya wananchi wa halmashauri lilikotoka ombi. Halmashauri hiyo ni Ife Mashariki, na ndani yake wamo Waife wa Oke-Ogbo na vitongoji vyake. Modakeke huenda wasiweze kuzifikia theluthi hizo mbili peke yao. Watahitaji kura ya jirani ambaye bado anaamini kwamba kura hiyo itamnyang'anya shamba.