Spud Angeongea Kiswahili Gani?

Nakala yangu ya Trainspotting niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, kona moja ya jalada imeliwa na panya. Sinema yake ya mwaka 1996 nilikuwa nimeshaiona, kwa hiyo nilijiona najua ninachonunua. Ukurasa wa kwanza ukaniumbua. Kile Kiingereza nilichochapwa viboko ili nikijue hakikuwemo. Nilidhani mchapaji kalewa: penye I pameandikwa ah, penye was pameandikwa wis, na neno ken linarudi kila baada ya mistari michache kama kikohozi. Nikaanza kusoma kwa sauti, peke yangu chumbani, na hapo ndipo mambo yakafunguka. Kumbe kitabu kile ni cha masikio: kimeandikwa kama Waskoti wa mtaani wanavyoongea.

Mwandishi wake, Irvine Welsh, alizaliwa mwaka 1958 Leith, bandari ya mji wa Edinburgh kule Scotland, akakulia Muirhouse, mtaa wa nyumba za halmashauri pembezoni mwa mji huo huo. Riwaya hii, ambayo ndiyo ya kwanza kwake, ilitoka mwaka 1993. Tangu hapo watu wakimtaja humtaja kwa mambo mawili: matusi na sindano. Wanaompenda humpenda kwa hayo, na wanaomchukia humchukia kwa hayo hayo. Mimi naona pande zote mbili zimekodolea macho pazia. Matusi hata mlevi wa kilabuni anayo. Uasi wa Welsh uko kwenye suala la nani anashika kalamu. Alimnyang'anya msimulizi mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi, akawapa mateja wasimulie wenyewe, kila mmoja kwa ulimi wake, bila mtu wa kusimama pembeni kutuombea radhi. Sura chache zimeachwa kwa Kiingereza cha kawaida, na ukizikuta katikati ya zile nyingine zinasikika kama mgeni aliyekosea mlango.

Kwangu kiini cha kitabu ni sura ya mahakamani. Renton na Spud wamekamatwa kwa kuiba vitabu dukani. Wote ni mateja, wamepandishwa kizimbani pamoja, kosa lao moja. Spud akiulizwa kama alikusudia kuviuza anajikanyagakanyaga: eeh, hapana, ndiyo, yaani, si unajua... mpaka ukweli unamponyoka. Renton yeye anasema alitaka kuvisoma. Hakimu anadhani kamnasa: wewe unamsoma Kierkegaard? Basi Renton, ambaye alipita Chuo Kikuu cha Aberdeen kabla ya kukiacha, anabadilisha ulimi pale pale kizimbani. Anamwaga mhadhara mfupi juu ya yule mwanafalsafa wa Denmark, nafsi na ukweli, kwa Kiingereza ambacho hakimu anakitambua kuwa ni cha kwao. Mhadhara unakwisha, Renton anapewa kifungo cha nje. Spud anakwenda ndani.

Welsh haongezi mahubiri hapo. Hakuna mstari unaotuambia kwamba sheria ina wenyewe. Lugha imeshatoa hukumu kabla ya hakimu kufungua mdomo, na sisi tumecheka njia nzima mpaka tunapogundua tumemcheka nani. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa. Kwetu, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu mshtakiwa aliweza kujieleza kwa Kiswahili chake chote, na bado kumbukumbu na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza. Mtu alifungwa kwa maneno ambayo asingeweza kuyasoma.

Kejeli ya aina hiyo imejaa humo, na nyingi hazipigi kelele. Kuna sura yenye jina la siku ya kwanza ya tamasha la Edinburgh, lile la sanaa lililoanza mwaka 1947 na linaloujaza mji watalii kila Agosti. Unatarajia muziki na maigizo. Unachopata ni Renton ndani ya choo cha duka la kamari, mkono umezama kwenye bakuli, anatafuta vidonge vya afyuni vya kupitishia njia ya haja kubwa ambavyo vimemtoka bila kutaka. Tamasha lenyewe halina nafasi humo. Mji wenye maonyesho na mji wenye choo ni mji mmoja, ila watu wake hawakutani.

Na mambo haya hakuyatunga hewani. Kiwanda cha meli cha Henry Robb pale Leith kilifungwa mwaka 1984. Miaka hiyo heroini ilikuwa ya bei rahisi mjini, polisi wakawa wakali kwenye mabomba ya sindano, na watu wakachangia yale machache yaliyopatikana. Mwaka 1986 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha matokeo ya wagonjwa 164 waliojidunga, wote wa zahanati moja ya Edinburgh: 83 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Zaidi ya nusu. Ukijua hilo, mizaha ya vijana wa Welsh inageuka ladha mdomoni.

Jina la kitabu nalo lina uchungu wake. Trainspotting ni mchezo wa Waingereza wa kusimama stesheni na kuandika namba za treni zinazopita. Karibu na mwisho, Renton na Begbie, yule mpiganaji wao, wanaingia kujisaidia ndani ya stesheni ya Leith Central, ambayo ni gofu tupu na treni ilishaisahau. Mlevi mzee anawatania: vipi, mnahesabu treni? Renton anatambua taratibu kwamba yule mzee ni baba yake Begbie. Begbie hasemi kitu. Wakitoka nje anamshushia kipigo mpita njia ambaye hakumkosea lolote. Gofu lile lilibomolewa mwaka 1989. Siku hizi hapo jirani inapita tramu, tangu mwaka 2023, na Leith ina mikahawa ambayo Spud asingeruhusiwa hata kuegemea mlango wake.

Nisije nikaonekana mpambe. Welsh ana kasoro zake, nami nina manung'uniko. Wanawake kwenye vitabu vyake wengi hupita kama watu wa kituo cha basi, unawaona dirishani kisha gari linaondoka. Halafu hakuwaacha wale vijana wapumzike. Alirudi nao Porno mwaka 2002, akawarudisha nyuma, kabla hawajawa mateja, kwenye Skagboys mwaka 2012, Begbie akawa msanii huko California kwenye The Blade Artist mwaka 2016, na bado akaendelea. Hodari wa kucheka biashara naye akafungua tawi. Yale maneno makali ya Renton ya kukataa maisha ya mkopo wa nyumba na mashine ya kufulia yameishia kwenye mabango ya vyumba vya wanafunzi ambao wakihitimu tu wanatafuta mkopo wa nyumba. Sijui kama hilo ni kosa la mwandishi. Uasi ukipendeza sana huwekewa bei.

Ila kabla ya kuchoka alitupa Filth, mwaka 1998. Msimulizi ni polisi, mbaguzi na mla rushwa ya kila aina, na tumboni mwake mna tegu. Tegu naye ana sauti: maneno yake yamechapwa juu ya maneno ya polisi, katikati ya ukurasa, yanayafunika. Mnyoo anakuwa na utu kuliko anayemlisha. Nilicheka, kisha nikakosa hamu ya chakula cha mchana.

Kilichonikalisha kuandika haya ni jambo jingine. Mwaka jana nilijaribu kuitafsiri ile sura ya mahakamani, kwa kujifurahisha tu. Hakimu alinichukua dakika 20: Kiswahili sanifu kinamtosha kama joho. Renton akiwa kizimbani naye hakunisumbua, anaongea kama mhadhiri wa Mlimani. Spud ndiye aliyenishinda. Nikimpa sanifu ameshakuwa Renton, na kesi nzima inavunjika. Nikimpa lugha ya kijiweni naona aibu, na hiyo aibu ndiyo ilinishtua. Imetoka wapi? Toka miaka ya 1930 tuna Kiswahili kilichochaguliwa, kikakaguliwa, kikapigwa muhuri, na hadithi zetu nyingi nilizosoma zinamruhusu teja aseme mistari miwili ya kuchekesha, kisha msimulizi msafi anarudi kumzika au kumtubisha. Sijawahi kukutana na riwaya ya Kiswahili ambayo teja anaishika kuanzia mwanzo mpaka mwisho, arosto na utani wake vyote humo, na asiwe funzo kwa mtu. Wasomaji wa Marekani waliuziwa toleo lenye orodha ya maneno mwishoni. Sisi tusingehitaji hata hiyo. Kete, pusha, sembe, arosto, nani wa mjini asiyeyajua?

Nikampelekea rasimu jirani yangu mmoja. Alikuwa teja miaka mingi, sasa anakunywa methadoni, tiba ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Nilimsomea kibarazani. Sentensi ya pili tu akanikata.

"Mwalimu, nani anaongea hapo? 'Mtumiaji wa dawa za kulevya'? Huyo ni mtangazaji wa taarifa ya habari."

Nikafuta. Akanirekebishia Spud neno kwa neno, "yaani" zikiongezeka mpaka nikaanza kuzikatalia, naye akang'ang'ania kila moja: mtu akiwa na arosto mbele ya hakimu lazima aokote maneno, hawezi kuyapanga. Tulipofika kwa Renton na mwanafalsafa wake akacheka kabla sijafika kwenye utani.

"Subiri. Huyo aliyesema ukweli ndiye kala mvua, si ndiyo?"

"Ndiye."

"Mvua ngapi?"

"Miezi kumi."

"Miezi?" Akanirudishia karatasi zangu. "Huyo kapendelewa."