Si kila "root" ni mzizi

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu aliniletea somo la hisabati lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, akaniuliza mraba unawezaje kuwa na mizizi. Palikuwa pameandikwa "mzizi wa mraba wa 49". Niliumia, kwa sababu mtoto huyo anajua vizuri kwamba kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Aliyempoteza ni mfasiri aliyeona "root" akaandika "mzizi" bila kujiuliza neno hilo linafanya kazi gani mahali pale.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mara nyingi lugha hizi mbili hukutana. Jino lina mzizi kwetu na kwao. Katika sarufi, mzizi -pik- ndio uliochipusha pikia, pikika na mapishi, na fitina nayo ina mzizi ambao wenye busara huukata mapema. Nakiri pia kwamba jina la Kiingereza la kipeuo lilizaliwa kwa tafsiri: wanahisabati walioandika kwa Kiarabu, akiwamo al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, waliita "jidhr", yaani mzizi, na wafasiri wa Kilatini wakaandika "radix", ambalo nalo ni mzizi. Hata hivyo, istilahi yetu ipo na wanafunzi wameizoea. Kuibomoa ni kuwaonea.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya asili. Anayetaja "roots" zake kwa Kiingereza huzungumzia ukoo wake na nchi ya wazee wake, lakini mara ngapi nimesoma "natafuta mizizi yangu", maneno yanayompeleka msomaji kwenye dawa za kuchimbwa porini? Tunalo chimbuko, tunayo asili, na hiyo asili yenyewe tuliipokea kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya mzizi. Taswira ya mmea tayari imo ndani yake, nasi tunaipita tukaazime ya jirani.

Nguruwe anayefukua udongo kwa pua naye hutajwa kwa "root", ingawa kitenzi hicho kina chanzo kingine kabisa, na Wamarekani hulitumia neno hilohilo kwa kumshangilia mchezaji. Hapo hakuna mzizi wowote wa kutafsiri.

Jioni ile tulikaa mezani na kalamu, tukafuta "mzizi wa mraba" na kuandika "kipeuo cha pili" juu yake, ukurasa baada ya ukurasa, hadi somo likaisha.