Kichanja Changu na Kuku wa Mama Ploti

Mwenye hoteli moja ya Kondele alinipa milango 12 ya kabati niipake rangi ya mafuta, bluu, pande zote mbili. Hapo kwenye pande mbili ndipo penye taabu. Ukiuegemeza mlango ukutani, unaganda na ukuta. Ukiulaza chini, unaamka na mlango wa mchanga. Basi nikajiundia kichanja: nguzo nne, orofa sita za fito nyembamba, na kila ufito nikaupigilia misumari ya inchi mbili kutoka chini ili ncha zichomoze juu. Mlango unagusa ncha tu, hewa inapita kote. Nilikizunguka mara tatu nikijisifu. Hata picha nilikipiga.

Mvua ya Kisumu haipigi hodi, kwa hiyo kichanja nilikiweka kwenye banda la nyuma ya ploti. Tena nina uzoefu na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi: wakiona taa, wanakuja na ukoo mzima. Waliwahi kunigeuzia meza nyeupe ikawa ya madoadoa. Safari hii nikafungua balbu, nikaitia mfukoni, nikaenda kulala kama mtu mwerevu.

Bandani ndimo wanamolala kuku wa mama mwenye ploti. Sasa niambie, wewe ungekuwa kuku, giza limeingia, mbele yako kuna ghorofa mpya haina mlinzi, ungelala chini?

Asubuhi niliamshwa na vicheko vya bombani. Kijana wa chumba cha sita alikuwa amekalia ndoo yake, kusimama hawezi. Kuku tisa walikuwa wakipekua uani na soksi za bluu. Jogoo, kwa cheo chake, alilala orofa ya juu kabisa na kuburuta mkia mlango mzima. Kwenye mlango wa tatu kulikuwa na yai, upande mmoja bluu.

"Fundi, kuku wangu umewapaka rangi kwa ruhusa ya nani?"

"Mama, wamejipaka wenyewe."

"Na rangi ni ya nani?"

Nilishika tapentaini, akanipokonya. Itawachoma ngozi, na kweli ingewachoma. Nikawasugua kwa mafuta ya kupikia na sabuni, mmoja mmoja, jogoo akinidonoa kwa zamu yake na zamu za wenzake. Miguu ilitakata. Kucha zilikataa. Milango nayo, rangi isipokauka vizuri haikubali msasa, inajiviringa kama chingamu, kwa hiyo nilingoja siku nne ndipo nikaanza upya, mkono wa pili wa rangi juu ya ule wa kwanza. Mteja nilimwambia rangi ya mafuta haitaki haraka.

Wiki mbili baadaye kuku mmoja akapotea. Mama hakuuliza mtu. Alienda moja kwa moja kwenye shimo la taka, akarudi ameshika mguu kwa vidole viwili, akausimamisha mbele ya chumba cha sita, kisha akaniita.

"Fundi, hii si rangi yako?"

Nikauinua juani, nikazitazama kucha.

"Ni yangu, mama. Mikono miwili."