Kempa ni Mzigo, na Mzigo Hupimwa

Mama alipoona picha ya kwanza niliyomtumia, alinipigia saa hiyo hiyo. Hata salamu hakutoa. "Mwanangu, mmefukuzwa nyumba?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba nyumba ipo, kodi tumelipa, na hicho kibanda alichokiona juu ya pikapu tumekinunua kwa hiari yetu ili twende kulala porini. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mna nyumba, halafu mnakwenda kulala kwenye gari." Ndiyo, mama. "Na mmelipia?" Ndiyo. "Haya. Msalimie mkwe wangu."

Huu ni mwaka wa 6 sasa, na bado sijapata jibu zuri la kumpa. Ila nimejifunza mengi kuhusu kempa, na mengi kati ya hayo hayasemwi na wanaoziuza.

Kwa asiyeijua, kempa ninayoizungumzia si basi la kulala wala tela la kukokota. Ni kichumba kamili, chenye kitanda, jiko, sinki, friji na pengine choo, kinachoingizwa kwenye bodi ya pikapu kama droo inavyoingia kabatini. Kitanda kiko mbele, juu ya paa la dereva. Mlango uko nyuma. Hakina injini, hakina magurudumu, na yapo majimbo huku Marekani ambayo kisheria hayakihesabu kuwa gari hata kidogo. Yanakihesabu mzigo. Niliposikia hivyo nilifurahi, maana mizigo naijua.

Kabla sijaja Colorado nilikuwa utingo kwa miaka 3, lori la Dar es Salaam hadi Tunduma. Kulala kwenye gari nimefuzu zamani: juu ya turubai, chini ya tela, Ruaha Mbuyuni pembeni ya magunia ya vitunguu. Wamarekani wanalipia starehe ambayo mimi nililipwa kuivumilia. Na kitu ambacho barabara ile ilinifundisha kuliko vyote ni kuogopa mizani. Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Sheria ya Afrika Mashariki inasema hata lori kubwa kuliko yote lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ukakamatwa kwa ekseli moja iliyoelemewa. Nimehamisha mifuko ya saruji usiku wa manane, kutoka nyuma kwenda mbele, huku suka, yaani dereva wangu, akipiga miayo na kunihesabia.

Sasa sikia. Mtu huyo huyo, mwenye historia hiyo, aliingia kwenye duka la kempa akanunua bila kupima. Muuzaji aliniuliza napenda rangi gani ya mapazia. Aliniuliza kama watoto watakuja. Hakuniuliza pikapu yangu inabeba kilo ngapi, na nilipomuuliza mimi, aliitazama kupitia dirishani, akasema itabeba tu.

Fungua mlango wa dereva wa pikapu yoyote inayouzwa Marekani, utazame kwenye nguzo ya mlango. Kwa kawaida pana kibandiko kidogo kinachosema abiria na mzigo kwa pamoja visizidi kilo kadhaa. Zingatia: abiria na mzigo. Wewe mwenyewe umo, mkeo yumo, soda mkononi imo. Namba hiyo ni ya gari lako hasa, lilivyotoka kiwandani na vikorombwezo vyake, kwa hiyo pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana. Wamarekani huziita pikapu zao "nusu tani" na "tani moja", majina ya zamani ambayo siku hizi hayana uhusiano na uzito zinaobeba kweli. Usiyategemee. Soma mlango.

Wangu ulisema kilo 1,200. Kijitabu cha kempa kilisema kilo 850. Tukaona tuna nafasi tele. Kumbe 850 ni uzito mkavu: kempa tupu, bila maji, bila gesi, bila kiyoyozi, bila betri, bila kile kivuli cha pembeni kinachokunjuliwa. Weka maji lita 110, na lita moja ya maji ni kilo moja, hapo huna pa kukwepa. Weka mitungi 2 ya gesi, kila mmoja kilo 17 na chuma chake. Betri 2, kilo 60. Kiyoyozi na kivuli, 60 nyingine. Mimi na mama watoto, 150, na sitasema nani anachangia zaidi. Nguo, blanketi, vyombo, chakula, zana, 120. Jumla 1,384. Hatukuwa hata na watoto safari hiyo.

Hesabu hiyo niliifanya baadaye, baada ya kutishika. Tulitoka Denver kwenda magharibi kwa barabara ya I-70, tukapanda hadi handaki la Eisenhower, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari, kisha tukaanza kushuka. Kushuka pale ni mteremko wa Kitonga wenye lami nzuri: malori yamewekewa njia za changarawe za kukimbilia breki zikikataa. Usukani ulikuwa mwepesi mno. Mama watoto akashika kishikizo cha juu, akaniuliza taratibu, "Mbona gari linatikisa kichwa?" Lilikuwa linatikisa kweli. Uzito ulikuwa umekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, tairi za mbele zinanyanyuliwa. Nikashuka na gia ndogo, mguu mbali na breki, jasho linanitoka kwenye baridi, nikimkumbuka suka wangu na miayo yake.

Kesho yake nikaenda kwenye stendi ya malori, ambako kuna mizani ambayo mtu yeyote anapimiwa kwa dola zisizofika 20. Hapo ndipo nilipoziona namba zangu, ekseli kwa ekseli, kwenye karatasi.

Maoni yangu, basi, na najua wapo watakaokasirika: kempa nyingi zinazouzwa ni kubwa kuliko pikapu zinazozibeba, na kila mtu kwenye biashara hiyo anajua. Utaambiwa ufunge mabegi ya hewa kwenye springi. Yananyanyua tako la gari, ni kweli, na gari linapendeza kulitazama. Hayanyanyui namba ya mlangoni. Breki ni zile zile, ekseli ile ile. Ukiona kempa yenye ukuta unaotoka pembeni kwa mota ili sebule ipanuke, muulize mwenyewe amepima lini, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Sisi tulipunguza. Kiyoyozi kikashuka, kivuli kikauzwa, betri moja ikatolewa, maji tukawa tunabeba lita 20 na kujaza njiani. Mgogoro mkubwa ulikuwa kinu. Mke wangu alikuwa amepakia kinu na mchi, kilo 14, kwa sababu pilau ya viungo vya kusagwa na mashine si pilau. Nilishinda kwa kura mbili za watoto waliohongwa. Tukafika 1,190. Kempa nzima nikaisogeza mbele hadi mshale ambao kiwanda kimebandika ubavuni, unaoonyesha uzito ulipo, ukawa mbele ya ekseli ya nyuma. Chini yake nikatandika mpira mzito usiteleze, na minyororo nikaifunga kwenye vishikizo vilivyoshika chesesi. Wapo wanaofunga kwenye bati la bodi. Bati hilo litachanika, ni suala la upepo tu. Na ukishaenda kilomita 80 za kwanza, simama ukaze tena, maana kila kitu kinakuwa kimejikalia upya.

Adui wa pili ni maji ya juu. Kempa za bei nafuu zina fremu ya mbao iliyovikwa bati la alumini, na tundu la maji la ukubwa wa sindano linatosha kuozesha kona nzima kimyakimya kwa miaka 2 huku ndani kunanukia vizuri. Maji hayaingii pale unapoyaona. Yanaingia kwenye taa ndogo za mbele, kwenye kiungio cha paa, kwenye fremu ya dirisha la dari, halafu yanatembea. Zipo kempa za faibaglasi zenye maganda mawili tu, la juu na la chini, yaliyofungwa katikati, kama zile za Bigfoot na Northern Lite kutoka British Columbia kule Kanada, na hizo zina viungio vichache vya kuvuja. Bei yake nayo ina ganda lake.

Mimi napanda juu ya paa mara 2 kwa mwaka, kabla ya theluji na baada yake, na mrija wa gundi. Ufa wowote nakwangua gundi ya zamani kwanza. Kupaka mpya juu ya iliyokufa ni kupaka poda kwenye kidonda. Mtu akinialika kukagua kempa anayotaka kununua, siangalii jiko. Napanda kitandani, nafungua kabati la kona na kubonyeza ukuta kwa kidole gumba. Ukibonyea, tunaaga na kwenda zetu.

Huku kwenye baridi kuna kazi nyingine ambayo watu wa pwani hawataielewa: kila mwaka kabla ya majira ya baridi natoa maji yote kwenye mabomba, kisha napitisha dawa ya waridi isiyoganda. Ya waridi, si ile ya kijani ya rejeta. Ile ni sumu. Mwaka wa kwanza nilisahau pampu. Ilipasuka kama yai.

Na tairi. Pembeni ya tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu 4 za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la pikapu inayobeba kempa huzeeka kabla halijaisha, kwa kuwa gari linakaa miezi limebeba nyumba bila kwenda popote. Kashata nzuri na umri mbaya, litakupasukia njiani. Hili wasomee na wanaouza tairi za mitumba mtaani kwenu.

Choo sitakizungumzia sana. Kina sanduku, sanduku lina mpini, sanduku linabebwa. Shemeji yangu alipokuja kututembelea aliniona nimebeba, akasema, "Na digrii yako?"

Mnaniuliza kama raha ipo. Ipo. Magharibi mwa Marekani kuna ardhi kubwa ya serikali kuu, chini ya idara iitwayo BLM, ambayo sehemu zake nyingi unaruhusiwa kuegesha na kulala siku 14 bila kulipa senti. Hakuna uzio, hakuna mlinzi wa kukuuliza umetoka kwa nani. Utah, kati ya miji ya Green River na Salina, I-70 inakwenda kilomita kama 170 bila kituo cha mafuta, bila duka, mawe mekundu tu na upepo. Mara ya kwanza tulipolala maeneo yale, watoto walizima tochi zao wenyewe bila kuambiwa. Mvua ikaja saa 9 usiku, ikapiga paa. Nililala kimya nikisikiliza kila kona, moja moja, kama baba anayesikiliza mtoto mwenye kikohozi. Hakuna tone lililoingia. Sijawahi kulala vizuri hivyo kwenye nyumba.

Wengine wananiandikia wakitaka kusafirisha kempa kwenda nyumbani. Mlango uko nyuma, kwa hiyo kuendesha kushoto au kulia hakuna tabu. Tabu iko kwenye umeme, wa huku ni volti 120 na wa kwetu 230, na kwenye vipimo: zimekatwa kwa bodi za pikapu za Kimarekani, ambazo kwa kawaida zina urefu wa mita 1.7 hadi 2.4. Ukishalipa meli na bandari, mafundi wetu wa kuchomelea wangekuwa wameshakujengea mbili. Mbao nyepesi, alumini, godoro, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, dirisha la dari. Na kitambua gesi, nakusihi, kikae chini karibu na sakafu, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Mpwa wangu wa Mbeya ameshaanza. Jumapili alinitumia picha: Land Cruiser pikapu, fremu ya chuma cha pembe nne, nene kama ya geti la benki, bati la migongo juu, na nafasi aliyoiacha kwa ajili ya tanki la maji la lita 500. "Anko, unaionaje?"

Nikamuuliza jambo moja tu, hiyo pikapu inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Tiki mbili za bluu. Leo ni Alhamisi.